Kuku Wamebaki Watatu Bomani

Watafiti wa visukuku wanaijua Kakesio kwa maganda ya mayai. Mwaka 2005 Terry Harrison na Charles Msuya walichapisha uchunguzi wao wa maganda ya mayai ya mbuni wa kale kutoka ukanda wa Laetoli, na aina moja ya mbuni hao waliotoweka wakaiita Struthio kakesiensis. Ndege huyo alitaga katika nchi hiyo zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita. Anayetaga huko leo ni mdogo zaidi na hana watafiti wanaomfuata: kuku wa kienyeji, anayeparua samadi ya zizi tangu alfajiri na kulala pembeni mwa nyumba ya mama, na ambaye kundi lake linaweza kushuka kutoka 15 hadi 3 kabla mwezi haujaisha.

Kakesio ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Iko kusini-magharibi mwa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ukishapita Endulen, ambako nyanda za juu zenye baridi hushuka kuwa vichaka vya migunga kuelekea Pori la Akiba la Maswa na Wilaya ya Meatu. Ni nchi ya wafugaji. Kwa mila ya Wamasai mifugo ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuku hakuwemo, wala nyama yake haikuliwa. Ameingia bomani taratibu, na aliyempokea ni mwanamke. Ng'ombe akiuzwa, uamuzi ni wa mzee. Jogoo akiuzwa, mama mwenyewe ndiye anayepokea fedha na kujua zinakwenda wapi: sukari, chumvi, daftari, nauli ya kumpeleka mtoto kutibiwa Endulen. Kuku wakiisha, imekatika fedha pekee ambayo mama haombi kwa mtu.

Ndiyo maana inasikitisha kuona jinsi uamuzi wa kununua kuku wengine unavyofanywa kwa pupa. Kuku wakipungua, mtu husubiri siku ya mnada au safari ya Karatu mjini, anarudi na tenga la mitetea watano, anawaingiza katika banda lile lile, na baada ya wiki tatu banda ni tupu tena. Fedha imekwenda na kuku wamekwenda, na kilichowaua wale wa kwanza bado kipo. Kabla ya kuuliza wapi kuna kuku wa kununua, boma linapaswa kujua wale wengine waliondokaje.

Kila mla kuku ana alama zake. Mwewe huchukua kifaranga mchana kweupe, mmoja mmoja, bila kuacha hata unyoya. Jioni mama anahesabu tisa, kesho yake saba. Nguchiro hupenda mayai pia, na huacha maganda yaliyovunjika karibu na kiota. Kanu na kicheche huja usiku. Wakipenya bandani wanaweza kuua kuku kadhaa na kula sehemu ndogo tu, mara nyingi kichwa na shingo. Nyegere yeye hubomoa: hufukua chini ya ukuta au hung'oa fito, na mlango mwepesi haumzuii. Nyoka humeza mayai na vifaranga na kuacha kiota kitupu. Binadamu hufungua mlango, huchagua wakubwa wenye bei, na vifaranga huwaacha.

Ndani ya hifadhi, mtego na sumu si jibu. Sheria inawalinda wanyama hao, na sumu aliyotegewa kicheche humfikia tai atakayekula mzoga wake. Kinachobaki ni banda. Ua wa miiba unaomzuia simba na fisi una mianya mikubwa kwa nguchiro, kwa hiyo kuku wanahitaji nyumba yao wenyewe ndani ya ua huo: imeinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ni fito zilizokaribiana ili kinyesi kidondoke chini, matundu ya hewa ni membamba, na mlango unafungwa kila magharibi bila kusahau. Vifaranga nao, kwa wiki nne za kwanza, washinde chini ya tenga kubwa la kusuka lenye jiwe juu yake. Mwewe atazunguka, ataona, ataondoka.

Lakini wakifa wakubwa kwa wadogo ndani ya siku chache, na boma la jirani nalo linalalamika hivyo hivyo, mlaji si mnyama. Mara nyingi huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku husimama amejikunyata, mabawa yameshuka na manyoya yametimka. Huhara kijani, huhema mdomo wazi. Wengine hupinda shingo mpaka kichwa kinageukia mgongoni, wengine hupooza miguu na kuanguka ubavu. Katika kundi ambalo halijawahi kuchanjwa, ugonjwa huu unaweza kuua karibu wote. Hakuna dawa, ya dukani wala ya mitishamba, inayoua kirusi chake kikishaingia ndani ya kuku. Mara nyingi hupamba moto wakati wa kiangazi, vumbi linapotimka na kuku wanaposafirishwa sana kwenda sokoni.

Hapa pana desturi moja ambayo lazima ikemewe wazi. Kuku wakianza kusinzia, watu huwahi kuwauza kabla hawajafa. Sababu inaeleweka, maana nani anapenda kuona mali yake ikioza? Hata hivyo kuku yule hubeba kirusi hadi mnadani, mnunuzi humfunga kwenye pikipiki, na jioni ugonjwa umefika boma lililo kilomita nyingi kutoka hapo. Kuku wagonjwa wasitoke. Mizoga ichomwe kisha ifukiwe kwa kina, isitupwe nyuma ya ua ambako mbwa na fisi wataiburuta mpaka kwa jirani. Banda lifagiliwe, takataka zake zichomwe, lipakwe chokaa, na lisiingize mgeni kwa mwezi mmoja au zaidi. Kuku wachache walionusurika wasidharauliwe. Hao wamepata kinga, wanaijua nchi yao, wanajua pa kujificha mwewe anapopita, na ndio wanaofaa kuwa mama wa kundi jipya.

Kinga ya mdondo ipo, tena iliundwa kwa ajili ya mahali kama Kakesio. Chanjo ya I-2 ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, akiwemo Peter Spradbrow, waliotaka chanjo itakayofika vijiji visivyo na friji. Ikiwa imekaushwa na kuwekwa gizani, hudumu angalau wiki 8 katika joto la nyuzi 28. Tanzania ilianza kuizalisha yenyewe katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, na kati ya 2002 na 2005 mradi uliofadhiliwa na Australia uliieneza katika vijiji vya Tanzania, Malawi na Msumbiji. Utumiaji wake hauhitaji sindano. Mtu mmoja anamshika kuku na kumlaza ubavu, mwingine anadondosha tone moja katika jicho moja na kusubiri kuku apepese. Imekwisha. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi 3, kwa kuku wote, tangu kifaranga.

Kwa nini basi kuku bado wanakufa? Umbali ni sababu mojawapo, lakini ipo nyingine isiyosemwa sana. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja, na ikishachanganywa na maji inabidi iishe siku hiyo hiyo. Mama mwenye kuku watatu hawezi kununua chupa ya kuku mia na zaidi, amwage iliyobaki. Akisubiri mpaka kundi liongezeke ndipo achanje, mdondo haumsubiri. Chanjo ya kuku ni kazi ya kitongoji kizima: maboma yakubaliane siku, yachangie chupa moja, mchanjaji azunguke asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kampeni ya kitaifa ya kuchanja na kutambua mifugo huko Bariadi, katika mkoa wa jirani wa Simiyu, kuku nao waliwekwa katika mpango na chanjo yao ikatangazwa kuwa ya bure. Akina mama wanayo haki ya kumuuliza afisa mifugo wa kata siku ya kuku ni lini, kama wazee wanavyouliza siku ya ng'ombe.

Sababu ikishajulikana na kuzibwa, hesabu huwa nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula vijijini Morogoro. Makundi yalikuwa na wastani wa kuku 16, madogo kabisa yakiwa na wawili tu. Mtetea alitaga karibu mayai 12 kwa mkupuo. Kati ya mayai 100 yaliyoatamiwa yaliangua kama 84. Na kati ya vifaranga 100, wapatao 60 walifika wiki ya 10. Ukizipeleka hesabu hizo bomani, mtetea mmoja huangua vifaranga 10 na kukuza 6. Mitetea watatu wanakuza 18, na karibu nusu yao watakuwa majike. Kutaga huchukua wiki mbili tatu, kuatamia siku 21, kukua wiki 10. Ndani ya miezi minne au zaidi kidogo, boma lililobaki na mitetea watatu na jogoo linaweza kuwa na kuku zaidi ya 20, bila kununua hata mmoja.

Kuna ufundi wa kuisogeza hesabu hiyo mbele. Mayai ya kuatamiwa yasizidi siku kumi tangu yatagwe, yawekwe mahali pa baridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Mtetea wa kwanza akianza kuatamia mapema, anawekewa mayai machache ya kumshikilia mpaka wenzake nao waanze. Siku wote walipo tayari, mayai ya zamani yanaondolewa na kila mmoja anapewa mayai yake mapya, usiku, taratibu. Baada ya siku saba kila yai linamulikwa gizani kwa tochi ya simu. Lenye mimba huonyesha mishipa myembamba iliyotapakaa kutoka kwenye doa jeusi. Lililo angavu halina kitu, na litolewe kabla halijawa viza. Kwa kuwa wameanza siku moja, wataangua siku moja. Hapo vifaranga wote wanaweza kupewa mama mmoja mwenye mwili mkubwa, nao wenzake wakarudi kutaga baada ya wiki chache badala ya kuzunguka na vifaranga miezi miwili.

Na jogoo akiwa ndiye aliyekufa? Watu wengi hukata tamaa siku hiyo hiyo, wakayapika mayai yote. Wasifanye hivyo. Mbegu ya jogoo hubaki hai ndani ya mtetea, na mayai anayotaga wiki nzima baada ya jogoo kufa, pengine hata siku kumi, bado yanaweza kuangua. Mayai hayo yakusanywe kama dhahabu. Jogoo mwingine aazimwe kwa jirani, na heri atoke boma la mbali kidogo, kwa sababu jogoo anayezaa na mabinti zake na wajukuu zake mwaka hadi mwaka huleta vifaranga dhaifu. Mmoja anatosha mitetea kumi. Majogoo wa ziada ndio wa kuuza.

Yapo maboma ambayo hayana budi kununua. Walio wazuri zaidi ni mitetea wa jirani anayefahamika, waliochanjwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuhama. Wa mnadani wametoka kila upande na wamelala tenga moja na wagonjwa, hivyo wakae mbali na wenyeji kwa wiki mbili, na chombo chao cha maji kiwe chao peke yao. Asinunuliwe mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza kwa maandishi jambo ambalo kila mfugaji huliona: kuku wana ngazi ya ukubwa, kila mmoja anajua anayemdonoa na anayedonolewa naye. Mgeni akiingia peke yake huangukia ngazi ya mwisho, hufukuzwa kwenye chakula, hukonda. Wakiwa wawili watatu wanagawana mashambulizi. Waingizwe usiku, wakati wenyeji wamelala, na asubuhi chakula kimwagwe sehemu mbili tofauti.

Vipi kuhusu Sasso na Kuroiler, kuku chotara wanaosifiwa kote nchini? Ni kweli wanakua haraka na kutaga mayai mengi. Lakini wanataka chakula cha kununua, wengi wao hawaatamii, na miili yao mizito haiwakimbizi upesi mbele ya mwewe. Karatu mjini, penye pumba na duka la dawa, wanaweza kulipa. Kwa mama wa Kakesio mwenye kuku watatu, fedha hiyo inafaa zaidi kwenye mitetea wa kienyeji na mlango wa banda.

Chakula nacho kina hesabu yake huku. Kilimo kilipigwa marufuku ndani ya hifadhi mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena mwaka 2009. Boma halina mabua wala makapi ya mavuno yake; mahindi hununuliwa, na mtoto hula kabla ya kuku. Kundi linalorudishwa kwa hiyo lisizidi uwezo wa uwanja. Bahati ni kwamba uwanja wa mfugaji una utajiri ambao mkulima hana. Samadi ina mabuu na mbawakawa. Chungu kikuukuu kikijazwa samadi kavu na majani yaliyoloweshwa, kikafunikwa jioni juu ya tundu la mchwa, asubuhi huwa kimejaa chakula cha vifaranga. Kupe nao huliwa: utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 1991 uliwachunguza kuku walioachwa kati ya ng'ombe wenye kupe kwa muda usiozidi saa moja, na wastani ukawa zaidi ya kupe 80 kwa kuku, mmoja akiwa na zaidi ya 300. Mzee anayeona kuku ni jambo la wanawake tu angefaa kuisikia habari hiyo.

Ufugaji wa kurudisha kundi, kwa kweli, si elimu ngeni Kakesio. Wamasai wana ewoloto, utaratibu wa ukoo kumchangia mifugo aliyefilisiwa na ukame au ugonjwa ili aanze tena. Utaratibu huo ni imara kiasi kwamba mradi wa ERETO, ulioanza Ngorongoro mwaka 1998 kwa fedha za Denmark, uliufuata ulipowarudishia mifugo familia maskini za hifadhi. Ng'ombe wakifa, hakuna anayemwambia mwenzake akajinunulie mnadani. Koo hukaa, huuliza kilichotokea, hutafuta mitamba, na huangalia kama aliyepewa ana uwezo wa kutunza. Maswali hayo hayo ndiyo yanayohitajika kwa kuku, na walio na haki ya kukaa na kuyauliza ni wanawake wenyewe: nani amebaki na mitetea waliochanjwa, nani ana banda linalofungika, nani apewe kwanza, na atarudisha mitetea wangapi kundi lake likisimama. Anayerudisha mtetea kwa mtetea hadaiwi fedha.

Wengine wataamua kutoanza tena, na uamuzi huo ni halali. Boma linalohamia malisho ya kiangazi, au mama aliye peke yake na safari ndefu ya maji, anaweza kuona kuku ni mzigo kwa msimu huo. Ila wale wawili au mmoja waliobaki wasiachwe bomani wakimngoja kicheche. Kuku mmoja peke yake huishi vibaya: hana wa kumtahadharisha, hana wa kulala naye usiku wa baridi. Apelekwe kwa jirani mwenye kundi, baada ya kukubaliana mbele ya mtu wa tatu kuhusu mgao wa vifaranga. Hata akiwa mzee aliyepunguza kutaga, akiendelea kutaka kuatamia ana kazi. Jirani atamwekea mayai 12 ya mitetea wake vijana, naye atayalalia siku 21 kama yake, na mmoja kati ya mitetea watakaokua atarudi kwa mwenyewe siku atakapokuwa na banda lenye mlango.